Mota ya Z bila breki, acheni kutuuzia

Tangazo linazunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp ya mafundi wa Lubumbashi: servo tatu za wati 400 (mota zenye enkoda, kifaa cha kupima mzunguko wake), draiva tatu (visanduku vya kuziendesha), nyaya zake, "seti kamili ya kugeuza frezi ndogo kuwa CNC", yaani mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta. Kamili! Ukiangalia namba za mota, zote tatu ni zilezile, yaani hata ya Z, inayopandisha na kushusha kichwa, haina breki. Labda imekamilika kwa mtu wa mji usiojua delestaji, umeme kukatwa kwa zamu.

Hesabu ni fupi. Tuseme kichwa cha frezi ya mezani kina kilo 20. Kwenye skrubu ya gololi ya 1605 (nati yake inateleza juu ya gololi), inayosogeza milimita 5 kwa mzunguko, uzito huo unasukuma ekseli ya mota kwa karibu 0.15 Nm, kabla ya kutoa msuguano. Servo yenye umeme hailioni hilo: ya wati 400 inatoa 1.27 Nm muda wote. Ikikosa umeme haishiki kitu, ekseli unaizungusha kwa vidole viwili. Skrubu ya zamani ya trapeza ilijifunga yenyewe, ndiyo maana enzi za manivela, mpini wa kuzungusha kwa mkono, hakuna aliyeliwaza. Ukiweka gololi umeondoa mchezo (ulegevu kati ya nati na skrubu), sawa, lakini umeondoa na breki ya bure. Umeme ukikatika, kichwa kinashuka, kisu cha frezi cha milimita 6 kinazama kwenye aluminiamu ambayo haisogei tena, na kipande kinaenda kwenye vyuma chakavu.

Kwa hiyo X na Y, za kusogeza meza, nunueni za kawaida, Z peke yake iwe na breki. Breki hiyo inafungwa na springi na kufunguliwa na volti 24, kwa hiyo ikikosa umeme inabana. Ila kuna watu wana kipaji cha kuiharibu: wanaiunganisha moja kwa moja kwenye pawasaplai ya volti 24 iliyo upande wa kompyuta, kisha kompyuta na hizo volti 24 wanaziweka kwenye ondulere yenye betri (UPS), ili programu isizimike. Umeme unakatika, draiva zinakufa, ondulere inaendelea kuilisha breki, na breki iko wazi kabisa wakati kichwa kinaanguka. Hongera.

Breki ipitie relei (swichi ya umeme) inayoamrishwa na draiva yenyewe, kwenye ile tokeo yake ya breki. Mguso wa relei ukate upande wa volti 24, kati ya pawasaplai na koili ya breki. Ukikata upande wa 220, kapasita za pawasaplai zitaishikilia breki wazi kwa muda. Na juu ya koili wekeni varista, kifaa kinachomeza mruko wa volti koili inapokatwa. Diodi tupu inalinda mguso, lakini inachelewesha breki kufunga, na hapo kila milisekunde ni kichwa kinachoshuka. Kisha msiitumie kusimamisha mota inayozunguka: kazi yake ni kushikilia, na bitana zake huisha upesi.

Nakubali shingo upande kwamba springi ya gesi ya niutoni 200, kama ile ya mlango wa nyuma wa gari, inabeba kichwa hichohicho vizuri na kumpunguzia mota kazi. Lakini gesi huvuja polepole, wala haipigi alamu.

Mengine kwa ufupi. Kama lebo inataja nguvu ya kushikilia tu, bila wati wala mizunguko 3000 kwa dakika, hiyo ni stepa (mota inayosogea kwa hatua) yenye enkoda. Ni nzuri, ila msilipe bei ya servo. Grbl, programu ya kuongozea CNC, kwenye bodi ndogo ya Arduino Uno inatoa pulsi (ishara za kusogeza mota) 30,000 hivi kwa sekunde, basi wekeni draiva kwenye pulsi 1000 kwa mzunguko: mtapata mita 9 kwa dakika, zaidi ya mnachohitaji. Na enkoda iliyo nyuma ya mota haiuoni mchezo wa nati.

Kabla ya kukata chuma chochote, inueni kichwa, wekeni kipande cha mbao chini yake, gusisheni saa ya kupimia (ya sindano, ya kupima msogeo mdogo), halafu chomoeni plagi ya draiva ukutani. Plagi, si kitufe chekundu cha dharura. Sindano ikitetemeka kidogo na kutulia, endeleeni na kazi. Ikishuka milimita nzima, anzeni kwa kutafuta diodi juu ya koili ya breki.