Endothelini na figo ya panya: je, lawama zimezidi ushahidi?

Tangu watafiti wa Japani walipoitenga endothelini mwaka 1988 kutoka kwenye chembe za ukuta wa ndani wa ateri kuu ya nguruwe, homoni hii ya asidi amino 21 imebeba sifa mbaya, na sifa hiyo haikuzuka bure. Panya akitiwa endothelini kwenye damu, mishipa ya figo hubana kwa nguvu na kwa muda mrefu, damu inayofika kwenye vichujio hupungua, na kiasi kinachochujwa hushuka. Aidha, katika panya walioondolewa sehemu kubwa ya figo ili kuiga ugonjwa sugu, dawa zinazozuia kipokezi A cha endothelini (kimojawapo cha vipokezi viwili, A na B, ambavyo homoni hii hushikamana navyo kwenye chembe ili ifanye kazi) zilipunguza protini inayovuja kwenye mkojo.

Hata hivyo, mirija ya kukusanya mkojo hutengeneza endothelini yake yenyewe kwa wingi, na humo kipokezi B, kwa msaada wa gesi ya oksidi ya nitriki, huzuia chumvi isirudishwe mwilini na kudhoofisha kazi ya homoni ya vasopresini ya kubakiza maji. Panya wenye hitilafu ya jeni ya kipokezi hicho hupandwa mno na shinikizo la damu wanapolishwa chumvi nyingi. Mpinzani atasema kuwa kipokezi B ndicho pia kinachoondoa endothelini kwenye damu, kwa hiyo panya hao wanaumia kwa homoni iliyozidi tu. Hoja hiyo ni nzito, lakini inakwama kwenye amiloraidi: dawa hii, inayoziba njia za sodiamu kwenye mirija, hulishusha shinikizo hilo, ishara kwamba chumvi inayorudishwa na mirija ina mchango wake.

Kwa maoni yangu, majaribio ya kutia homoni kwenye damu yamepewa uzito kuliko yanavyostahili, kwa kuwa chembe za mishipa huimwaga endothelini zaidi upande wa tishu kuliko upande wa damu. Wala haitoshi kusema kipokezi A ni kibaya na B ni chema, maana katika mishipa ya figo ya panya (tofauti kiasi na binadamu) hata B hubana.

Kwa wagonjwa wa kisukari, jaribio la avosentani, dawa inayozuia vipokezi vya endothelini, lilisitishwa mapema kwa sababu ya maji kujaa mwilini na moyo kushindwa kazi, jambo ambalo mirija ya panya ilikwisha kulidokeza. Jaribio la atrasentani, dawa nyingine ya aina hiyo, lililochapishwa mwaka 2019 lilitumia dozi ndogo, likawaondoa mapema waliojaa maji, na hatari ya figo kuharibika zaidi ikapungua kwa takriban asilimia 35.