Korona ilitupita, au ilitukuta vijana?

Mazungumzo ya korona yakizuka Dar, iwe kijiweni au ndani ya daladala la Mbagala, mwisho wake unajulikana: Italia walibeba majeneza kwa malori ya jeshi, sisi Kariakoo ilijaa kama kawaida na tukadunda. Halafu zinafuata sababu. Jua. Nyungu. Miili iliyozoea malaria. Mungu.

Si zote za kubeza. Wapo wanasayansi waliojiuliza kwa dhati kama mafua mengine tuliyougua, au chanjo ya kifua kikuu (BCG) tunayochomwa utotoni, vilitupa kinga fulani. Na ni kweli kwamba Ulaya wazee wengi walifia kwenye nyumba za kutunzia wazee, ambako kirusi kikiingia kinatambaa kitanda kwa kitanda. Kwetu bibi yuko kijijini au anaishi na wajukuu (ambao nao, kila mwenye bibi anajua, huleta mafua nyumbani).

Jua ndilo lisilo na utetezi. Manaus, Brazil, iko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, na joto lake halipungui la kwetu. Januari 2021 hospitali zake ziliishiwa oksijeni na wagonjwa wakafa kwa kukosa hewa.

Wala hatukupitwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa kufikia Septemba 2021 karibu theluthi mbili ya Waafrika walikuwa na kingamwili za korona, yaani alama kwenye damu kwamba mwili ulishakutana nayo, wakati waliochanjwa bado ni wachache mno. Kirusi kilibisha hodi kikaingia. Swali ni kilimkuta nani.

Kwa sensa ya 2022, Watanzania wenye miaka 60 na zaidi hawafiki 6 katika kila 100, na walio chini ya miaka 15 wanazidi 42. Italia, wenye miaka 65 na zaidi peke yao wanapita 22. Na korona inapanda na umri kwa kasi ya kutisha: hatari ya kufa ya mtu wa miaka 80 ni maelfu ya mara ya ile ya mtoto wa miaka 10. Hata miili yetu na ya Waitalia ingefanana kwa kila kitu, vifo vya jumla vingeachana mbali.

Hapo wengi hufunga daftari: kumbe tulikuwa salama. Naona wanaisoma hesabu kichwa chini. Acha kupima nchi kwa nchi, weka mzee wa miaka 70 wa Temeke kando ya mzee wa miaka 70 wa Milano. Uchambuzi wa tafiti za nchi zinazoendelea uliochapishwa 2022 ulikuta kwamba, kwa umri uleule, aliyeambukizwa katika nchi hizo alikuwa na hatari ya kufa takriban mara mbili ya mwenzake wa nchi tajiri. Mara mbili! Huyo ndiye tunayemwambia kwamba korona ilimwonea huruma. Alichokosa kinajulikana: mtungi wa oksijeni, kitanda cha ICU, na mtu wa kumpima presha na sukari miaka kumi kabla. Wastani wa taifa ulipendeza kwa sababu walio kama yeye ni wachache, na uchache wao ndio uliowaficha.

Mbona basi hatukuona makaburi? Hoja hii ina uzito, lakini Lusaka, Zambia, inaipunguza. Mwaka 2020 watafiti walipima maiti 364 katika chumba cha maiti cha hospitali ya chuo kikuu, wakakuta kirusi kwa 58, au 70 kwa kigezo kilicholegea kidogo. Wengi walikuwa wamefia nje ya hospitali, na karibu wote hawakuwahi kupimwa wakiwa hai. Kukutwa na kirusi si lazima kuuawa nacho, sawa. Ila takwimu zetu zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 mwaka 2020, kisha kimya cha zaidi ya mwaka. Mzee aliyefia Tandika kwa "changamoto ya upumuaji" akasafirishwa kuzikwa Rombo angeonekana kwenye jedwali gani? Anayetaka kubishana nami aje na vifo vya wenye miaka 60 na kuendelea, mkoa kwa mkoa, 2020 na 2021. Jua aliache nje.