Mwithi wa Meno

Asubuhi ile nilipanda daladala pale Mbagala Rangi Tatu nikiwa na meno arobaini na manne. Thelathini na mawili yalikuwa kinywani mwangu, mahali pake. Kumi na mawili yalikuwa mapajani, kwenye kopo la Blue Band, yamelala ndani ya maji yenye Jiki kidogo.

Nilikuwa mwaka wa kwanza, nasomea udaktari wa meno, na siku hiyo tulikuwa na mtihani wa vitendo. Kila mwanafunzi aje na seti yake ya meno ya mbele ya mtu mzima: ya kukatia manne ya juu, manne ya chini, na chonge nne. Asikudanganye mtu kwamba meno hayo yanapatikana kirahisi. Wengi wanaokwenda kung'oa wanang'oa magego. La mbele mtu analilinda kama hati ya kiwanja. Chonge ndiyo balaa kabisa. Hakuna jino lenye mzizi mrefu kama wake. Ile ya juu ukiipima ncha hadi ncha inafika kama milimita 27, ndiyo maana utamkuta bibi kizee hana kitu kinywani ila chonge mbili zimesimama kama nguzo za goli. Nilizunguka kliniki za watu miezi miwili naomba, kopo mkononi, kama nachangisha harusi.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja, koti la kaki, kofia ya kiua. Nilimwamkia, akaitikia vizuri tu, na kuanzia hapo hakunyamaza. Alikuwa Yanga wa damu. Alinieleza mechi ambazo zilichezwa kabla wazazi wangu hawajaoana. Akaniambia anakwenda Kariakoo kununua pampu. Mimi naitikia "ndiyo mzee, ndiyo mzee," huku kichwani nakariri: mbili mbili, tatu moja, nne mbili. Ndiyo namba za meno hizo. Tarakimu ya kwanza ni upande wa kinywa, ya pili ni jino la ngapi kutoka katikati. Mbili mbili ni la pili, juu, kushoto kwa mwenye kinywa.

Kabla ya Mtongani bodaboda ikakatiza, suka akafunga breki. Mimi nikajaa kwenye kiti cha mbele. Mzee naye akajipigiza mdomo kwenye chuma cha kiti. Na kopo, ambalo mfuniko wake niliuamini kupita kiasi, likaruka.

Unajua sauti ya jino likidunda kwenye bati la sakafu? Ni kama kokoto, ila nyepesi kidogo. Sasa zidisha mara kumi na mbili.

Kwanza watu walinyamaza. Halafu mama mmoja aliyekuwa na kikapu akainua mguu, akatazama kilichotulia juu ya kandambili yake, mzizi juu, akapiga ukelele ambao nadhani Temeke nzima waliusikia. "Meno ya watu! Jamani, meno ya watu!" Waliokaa wakasimama. Waliosimama wakataka kukaa. Konda akauliza kama ni mganga nimepanda bila kusema, maana mganga na mizigo yake ana nauli yake.

Mzee wangu ndiye aliyenimaliza. Alisimama, kiganja kimeziba mdomo, kidole cha mkono mwingine kimenielekea puani, akasema kwa nguvu: "Mwithi! Huyu mwithi wa meno!"

Nikadhani ni hasira zimemshika ulimi.

"Mimi ni denti!" nikapiga kelele.

"Denti onyesha kitambulisho," akasema konda, ambaye hata siku ya kiama atadai kitambulisho cha denti. Kitambulisho kilikuwa kwenye koti jeupe, na koti jeupe lilikuwa chuoni.

Kijana mmoja wa nyuma, mwenye busara au mpenda vituko, sijui, akaokota jino akaliinua juu. "Kama kweli unasomea, hili la wapi?"

Hapo nikajua mtihani wangu umeanza saa mbili kabla ya muda wake.

"Geuza," nikasema. "Mgongo ulio laini ukutazame wewe. Upande wenye nundu na kibonde kama kijiko ndio unaotazama ulimi. Sasa, limepanuka hivyo, kama milimita nane na nusu, hilo ni la juu, la katikati. Mzizi uelekee juu. Tazama kona mbili za pale linapokatia. Moja imekaa kama kona ya daftari, nyingine imeviringika. Kona ya daftari ndiyo inayogusana na pacha wake katikati. Iko mkono wako upi?"

"Wa kulia."

"Basi ni jino la kulia la mwenyewe."

Basi zima likasema "eeeh." Denti mmoja wa shule ya msingi, miaka minane hivi, akachungulia kutoka kwapani kwa mama yake. Nikamwomba acheke. Yake mawili ya juu yalikuwa ndiyo kwanza yametoka, ukingo una vinundu vitatu vitatu kama msumeno. Nikawaonyesha: haya mapya, vinundu havijalika bado, hayo ya sakafuni yameshatafuna ugali miaka hamsini, yamenyooka. Mama yake akamfunga mdomo mara moja, asije akaingia kwenye kopo.

Ikawa sherehe. Watu waliokuwa tayari kunishusha kwa makofi wakaanza kuinama chini ya viti. "Dada, hiki kidogo?" La chini la katikati, hakuna dogo kuliko hilo. Kulia au kushoto? Hilo, nikawaambia kweli, hata mwalimu wangu huwa analigeuza mara tatu. Kona zake zote mbili ni za daftari. "Na hiki?" Chonge, tazama ncha kama mkuki. "Na hili?" Hilo, kaka, ni punje ya hindi. Mama wa kikapu akaidai.

Wakawa wananitilia tu koponi, mmoja mmoja, wengine kwa ncha za khanga. Nikahesabu: kumi na mawili. Nilitaka kulia kwa furaha. Nikageuka nimwombe radhi mzee. Nilikuwa nimemwona akiinama haraka, akaokota kitu, akakifungia kwenye leso. Sasa alikuwa mlangoni, leso mfukoni, kiganja bado mdomoni. Akashuka Kwa Azizi Ali bila kuaga. Kariakoo na pampu yake amesahau.

Chuoni nikayapanga kwenye kitambaa cha kijani, mikono bado inatetemeka, migongo laini juu, kama mtu apangavyo dagaa. Mwalimu wetu, mama asiyejua mzaha, akapita na kijiti chake. Akagusa la tatu.

"Mbili mbili," nikasema, kwa kujiamini kwa mtu aliyekwisha kufundisha daladala. "Ya kukatia, juu, la pili, kushoto. Jembamba kuliko jirani yake wa katikati. Kona ya ndani imekaa vizuri, ya nje imeviringika zaidi."

"Taji zuri mno," akasema mwalimu. "Sijaona zuri hivi mwaka huu. Mzizi?"

"Mzizi ni mmoja, umechongoka, ncha yake mara nyingi inapinda kidogo kuelekea nje..."

"Uchukue uuangalie."

Nikalichukua. Taji lilikuwa jeupe, linang'aa. Chini yake, pale mzizi unapotakiwa kuwa, palikuwa na kipini cha chuma.

Ndipo kiganja kile mdomoni kikanirudia. Ndipo "mwithi" ikanirudia. Mtu akikosa jino la mbele, z haikai. Pumzi inapitia pengoni. Mzee wa watu aliniita mwizi wa meno, na mimi nikaondoka na jino lake.

"Mzizi," nikamalizia, maana mtihani ni mtihani, "una rangi ya fedha." Darasa likavunjika. Mwalimu aliandika: taji alama zote, mzizi sifuri.

Lakini kinachoniamsha usiku si sifuri. Mbili mbili yangu halisi, ya mtu nisiyemjua, ilikuwa na kishimo cheusi nyuma, juu ya nundu. Jino hilo lina kawaida ya kuoza pale. Iko kwenye leso ya mzee. Naomba tu alipofika nyumbani alivaa miwani kabla ya kujaribu kulirudisha.

La kwake ninalo, kwenye kiberiti, nimelifungia pamba. Nikipanda magari ya Rangi Tatu natafuta koti la kaki. Nikiliona nasema shikamoo kwa sauti ya juu, kisha natazama mdomo. Marahaba ina a nne, lazima ufunguke.