Kila Herufi Finje

Wueh, wacha nianze na bei kwanza ndio mnielewe, maana mtu akisikia mwisho wa hii stori bila mwanzo atasema mimi ni mjinga, na mimi si mjinga, ni jezi za mpira ndio ghali.

Zamani kidogo, si zamani ya mababu, hii yetu tu, ulikuwa unatoka kazi jioni unapitia pale karibu na Archives, katikati ya Nairobi, unapata jamaa ametandika gunia chini, jicho moja kwa wateja lingine kwa kanjo, wale askari wa jiji, unatoa soo tano, yaani mia tano, unaenda zako umevaa kama mtu wa London. Ikafika mia nane tukanyamaza. Ikafika thao, elfu nzima, tukanung'unika kidogo. Halafu mwanzoni mwa 2024 dola ikagonga shilingi 160, na hapo kila muuza jezi Nairobi akageuka gavana wa Benki Kuu, ukiuliza bei unasomewa dola, kontena, bandari na ushuru mpaka unaona aibu kuomba upunguziwe. Sawa, tukaelewa. Dola ikashuka, ikarudi 129 na senti, ikatulia hapo. Jezi je? Ilibaki huko juu kama paka kwenye mwembe, kupanda anajua lakini kushuka hataki hata kuambiwa.

Basi mwaka jana, Aprili 2025, Arsenal tukapangwa na Real Madrid robo fainali ya Champions League. Mimi nina jezi, ndiyo, lakini ni ile ya misimu sita iliyopita, kwapa limepasuka na rangi imekuwa ya nyanya iliyokaa juani, na nikaapa siwezi kukutana na Madrid nikiwa hivyo. Kama vile Madrid wangeniona.

Kwanza nikajaribu ustaarabu, nikaingia duka moja la michezo kwenye mall, jina sitaji. Nikashika jezi, laini, inateleza kama samaki, nikageuza kile kikaratasi cha bei. Elfu kumi na moja na mia tano. Nikaangalia tena nikidhani ni namba ya simu. Na si eti walikuwa wananionea, huko kwao Uingereza yenyewe jezi rasmi ya mtu mzima msimu huo ilikuwa inakaribia pauni 80, piga hesabu utapata zaidi ya elfu kumi na tatu, na bado kuna ile ya kuvaliwa na wachezaji yenyewe ambayo inapita pauni mia. Na kila msimu wanatoa tatu, ya nyumbani, ya ugenini na ya tatu, yaani ukitaka kuwa shabiki kamili unachagua kati ya jezi na kodi ya nyumba. Nikairudisha polepole, nikaipangusa hata alama za vidole vyangu, soja akanisindikiza kwa macho mpaka kwa mlango.

Nikashuka tao, eksibisheni, yale majengo ya stoli ndogo ndogo, ghorofa ya pili, ngazi zinanuka mkojo na chipsi. Jamaa wa stoli akaniita mkubwa kabla sijafika. "Mkubwa hii ni Thailand, grade one, hii si ile ya Kamukunji." Ningemuuliza Thailand na Kamukunji zinatofautiana aje lakini alikuwa ameshaniwekea kifuani ananiambia imenikaa. Elfu moja mia tano. Nikasema elfu moja. Akacheka kicheko cha mtu aliyefiwa. Tukavutana, nikatoka nikarudi, nikatoka tena, ile safari ya pili hakuniita, nikarudi mwenyewe kwa aibu, tukamalizia elfu moja mia tatu. Mkononi imeandikwa Visit Rwanda, yaani natangazia watu Rwanda bure na mimi mwenyewe sijawahi kuvuka hata Busia.

Sasa kosa langu lilianza hapa. Jezi tupu nikaona haina heshima, nikataka jina. Fundi wa kuandika yuko stoli ya pembeni, ana kompyuta, mkasi na ile mashine ya kukandamiza kwa moto inayofanana na ya kuoka sandwichi. Nikamuuliza bei.

"Kila herufi finje. Namba, kila tarakimu mia."

Finje ni hamsini, na hapo ndio nikajua mpira ni hesabu. Mchezaji ninayempenda ni Martinelli. Herufi kumi, na namba kumi na moja juu yake, mia saba! Nusu ya jezi! Nikauliza Ødegaard, fundi akasema hiyo O ya kukatwa katikati ni mia peke yake kwa sababu lazima aikate na mkono. Nikasema basi niandike jina langu mwenyewe, tukahesabu, herufi tisa. Nikajiacha. Siku hiyo nilijua kwamba mimi ni ghali kuliko wachezaji wengi wa Arsenal.

"Weka Rice," fundi akanishauri, "herufi nne tu, na jamaa anacheza."

"Rice ana namba arobaini na moja, hizo ni tarakimu mbili. Na pia mimi siwezi kutembea Umoja nimeandikwa mchele mgongoni."

Tafadhali kumbukeni hayo maneno.

Basi tukabaki na Saka. Herufi nne, namba saba, tarakimu moja. Mia tatu pekee. Hakuna mchezaji wa bei nafuu kumshinda pale mbele, nikajiona nimewahi kama mtu aliyepata nyama ya jana kwa bei ya mifupa. Fundi akanyofoa, akapanga, akakandamiza, moshi kidogo ukatoka, akanipa. Na akaniambia kitu, lazima niseme ukweli, aliniambia: usipige pasi juu ya maandishi, geuza ndani nje. Nikasema sawasawa, huku nikituma pesa kwa simu na kufikiria nitamwambia mama watoto ilikuwa pesa ngapi. Nikaamua mia saba.

Jumanne tarehe 8, siku ya mechi. Mechi ni saa nne usiku kwa hivyo ruhusa lazima itafutwe mapema. Mama watoto alikuwa jikoni, ametandika blanketi mezani na kuweka sketi yake ya kwaya, ile ya damu ya mzee, kwa sababu kesho yake asubuhi kwaya yao ilikuwa inaenda kushuti video. Nikaona hapa hapa ndipo ruhusa ilipo. Nikasema mama, wewe pumzika, nitapiga pasi zote, yangu na yako. Akaniangalia ile ya kuuliza huyu amefanya nini tena, lakini akaniachia.

Balbu ya sebuleni ilikuwa imeungua wiki mbili. Nilikuwa nanyoosha kwa mwanga wa TV, wachambuzi wakiongea kunaonekana, wakiweka tangazo la giza sioni hata mkono. Nikaanza na jezi. Mbele, mikono, nikageuza mgongo nikapitisha pasi mara moja tu, haraka, ndani nje nilisahau kabisa. Nikasikia pasi imekwama kidogo nikaivuta. Kuna harufu ya plastiki nikasema ni majirani wanachoma takataka tena, hawa watu hawana ustaarabu. Nikavuta sketi, nikapiga vizuri kabisa, nikakandamiza hata, unajua mtu anayetafuta ruhusa hanyooshi kwa mchezo. Nikaikunja nikaiweka kwa kiti. Nikavaa jezi yangu hapo gizani, nikasema nitarudi saa sita, nikatoka.

Hapo nje kwa stage jamaa wa bodaboda akaita, "Saa saba!"

Nikaangalia simu, nikamwambia, "Hapana bro, ni saa tatu na robo."

Akacheka mpaka akashikilia tanki. Nikaona huyu amekunywa mapema. Mbele kidogo mama wa smokie akaniuliza, "Kijana, ni saa saba ya mchana ama ya usiku?" Nikamjibu kwa heshima kabisa, "Ni saa tatu na dakika ishirini mathe, usiku." Akasema asante mwanangu lakini sauti yake ilikuwa inatetemeka kama ya mtu anayejizuia. Watoto wawili wakanifuata nyuma wakiimba saa saba, saa saba, nikawapigia kelele waende kulala, kesho ni shule.

Nikaingia baa. Imejaa, watu wa Madrid upande wa dirisha, sisi upande wa choo, ndio haki yetu. Nikapita katikati na kifua mbele nikitegemea mtu aseme jezi kali. Kicheko kikaanza nyuma yangu kikawa kinanifuata meza kwa meza kama upepo kwa mahindi. Weita akaja, "Saa Saba, unakunywa nini?" Nikamwambia wewe nawe! Kwani leo saa za Nairobi zimefanya nini?

Jirani yangu mmoja, tunamwita Chelsea kwa sababu ndio ugonjwa wake, akaniambia simama. Akanipiga picha mgongoni akanionyesha simu.

K haiko.

S iko, A iko, halafu nafasi tupu yenye alama ya gundi, halafu A nyingine, na chini yake namba saba kubwa inang'aa. SA A 7. Mimi nilikuwa nimetembea kutoka nyumbani mpaka pale nikiwa saa ya ukutani.

"Hiyo ni saa yenu ya kutoka Champions League?" mtu wa Madrid akauliza. Mwingine akasema tusubiri, huyu bado hajafika, hapa ni saa nne kasoro. Nikakaa nikabandika mgongo kwa kiti, nikaapa sitasimama hata goli liingie.

Sasa mnajua ile mechi. Dakika ya 58 friki, nje ya boksi, anasimama nani? Mchele. Mtu ambaye hakuwa amefunga goli la friki ya moja kwa moja maisha yake yote ya mpira. Akaupinda ukazunguka ukuta, Courtois, kipa wao, akaruka akashika hewa. Baa ikalipuka na mimi nikasimama na mgongo wangu wote, kiapo kikaisha hapo. Dakika ya 70, friki tena, mchele tena, kona ya juu kabisa! Dakika tano baadaye Merino akaweka la tatu. Tatu bila, Real Madrid, nilikuwa nalia machozi ya kweli, na katikati ya machozi nasikia Chelsea anaeleza watu kwamba huyu jamaa fundi alimwambia aandike Rice akakataa kwa sababu ya mia moja. Mimi ndiye nilikuwa nimemwambia, wiki hiyo hiyo, nikijisifu vile nilivyo mjanja.

Watu wakaninunulia. Huwezi kukataa siku kama hiyo. Kila mtu anayepita anagusa mgongo wangu anasema saa bado, saa bado, kaa chini. Kutoka hapo nikashtukia mlinzi wa geti ananifungulia akicheka, nikaangalia simu.

Saa saba na dakika mbili usiku. Haki ya nani.

Nikafungua mlango polepole. Sebuleni taa inawaka, balbu mpya, ameinunua mwenyewe, na nilijua hiyo si dalili nzuri. Mama watoto amekaa kwa kiti, mikono imekunjwa.

"Baba watoto, uliniambia utarudi saa sita. Hii ni saa ngapi?"

Sikuwa na la kusema. Nikageuka taratibu nikampa mgongo.

Kimya. Halafu nikasikia kama ameguna, kama kicheko kinataka kutoka kinakataa, nikasema moyoni Mungu ni mwema, nimepona. Nikageuka tena kumwangalia. Alikuwa amesimama, ameshika sketi ya kwaya ameinua juu kwa mikono miwili, upande wa makalio umeniangalia.

"Na hii nayo?"

K. Nyeupe pepepe juu ya damu ya mzee, imesimama wima, haina hata kiputo, imeshika vizuri kuliko vile fundi aliishikisha na mashine yake. Nikaisogelea nikaikwangua na ukucha. Haikuinuka hata pembe. Nikajaribu maji moto, nikajaribu mafuta ya taa, saa tisa usiku nilikuwa bado nimepiga magoti na kisu cha siagi na yeye amesimama juu yangu ananiuliza hiyo jezi ya mia saba ina herufi ngapi zingine ambazo zimepotea ndani ya hii nyumba.

Gari la kwaya lilikuja saa kumi na mbili asubuhi. Sketi ilikuwa ni hiyo moja tu.

Video ilishatoka, ni nzuri sana, wimbo ni mtamu. Yeye yuko mstari wa nyuma kabisa, karibu na ukuta, na pale kwa kiitikio wanapozunguka wote kwa pamoja wakipiga makofi, kuna mama mmoja hazunguki.