Mkwaruzo wa Lenzi Uache Ulivyo

Mtu akigundua mkwaruzo kwenye lenzi ya kamera, wazo la kwanza ni kuusugua utoke. Ndipo dawa ya meno inapotolewa bafuni, na ndipo lenzi inapoharibika kweli.

Dawa ya meno ina chembe za kusugulia. Juu ya kioo cha lenzi kuna tabaka la kupunguza mng'ao, na lile la mpako mmoja lina unene wa takriban nanometa 100 tu, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Chembe zile hazichagui: zinakwangua tabaka zima, na mkwaruzo wenyewe, kwa kuwa umezama zaidi, unabaki palepale. Ulikuwa na mstari, sasa una doa.

Mimi nasema uuache. Kioo cha mbele kiko karibu mno kuweza kuonekana kwenye picha. Kama huamini, bandika kipande kidogo cha karatasi juu yake, ufungue tundu la lenzi hadi mwisho, kisha upige. Hutakiona. Kero huja ukielekeza kamera kwenye jua au taa, kwa sababu kingo za mkwaruzo hutawanya mwanga na picha ikapauka. Kivuli cha mkono juu ya lenzi mara nyingi kinatosha.

Kama ni kidonda chenye kina kirefu, kizibe kwa weusi. Chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye rangi nyeusi isiyong'aa, jaza ufa peke yake, kisha futa iliyozidi kabla haijakauka. Weusi hufyonza mwanga badala ya kuutawanya. Hauponyeshi kitu, lakini unafanya kazi.

Kioo cha nyuma ni habari nyingine. Kiko karibu na sensa, yaani sehemu ya kamera inayonasa picha, kwa hiyo hata alama ndogo huweza kuonekana. Hicho mpelekee fundi.

Mikono ya nyumbani inafaa zaidi kwenye filta iliyokwama, yaani kile kioo chenye pete kinachofungwa kwa kuzungushwa mbele ya lenzi. Wengi huibana kwa vidole kwa nguvu zote, pete inapinda kidogo, nayo inazidi kung'ang'ania. Chukua ndala yenye soli bapa ya mpira, ikandamize juu ya pete yote kwa usawa, kisha zungusha.

Kufungua lenzi ndani? Hapana. Skrubu za lenzi nyingi za Kijapani zinafanana na zile za nyota za kawaida, ila mkato wake ni tofauti, na bisibisi ya kawaida huzitafuna vichwa hata kabla hujafika kwenye kioo.