Usiguse, Lina Waranti

Jumatano iliyopita, nikiwa zamu ya mchana, simu ililia. Gereji ya yule aliyetuuzia gari-nyumba letu. "Gari lenu liko tayari, njooni mlichukue." Nikauliza tunadaiwa kiasi gani. Dada wa mapokezi akanyamaza kidogo kama mtu aliyeulizwa jambo geni, kisha akasema: hamdaiwi kitu, hii ni waranti.

Walikuwa wamebomoa pembe nzima ya ukuta, wametoa mbao iliyoloa, wameweka mpya, dirisha wamelifunga upya. Wiki tisa za kusubiri, lakini hatukutoa hata senti. Nilikaa kwenye ngazi za dharura pale wodini, nikavuta pumzi. Wa nyumbani Tanzania mnajua kwa nini. Mtu aliyekulia kwenye risiti zenye maandishi "mali ikishauzwa hairudishwi" hasikii maneno kama yale akabaki amesimama.

Gari lenyewe lina nyumba ndani: vitanda, jiko la gesi, friji, choo. Tunaishi Dortmund, Ujerumani; mume wangu ni dereva wa basi, mimi ni muuguzi, na tulilinunua jipya Oktoba 2022 kwa mkopo wa benki ambao bado tunaulipa. Bei siitaji, kwa sababu mtaigeuza shilingi na hoja yangu itafia hapo. Najua wengine mmeshaanza: "Sisi tunagombania mwendokasi Kimara, yeye analeta habari za gari la kulala." Sawa. Lakini ninachotaka kusema hakihusu gari. Kinahusu nani anawajibika kitu kikiharibika baada ya wewe kutoa hela.

Siku tuliyokabidhiwa tulipewa funguo na mfuko wa vitabu mzito kama begi la mtoto wa darasa la saba. Hapo ndipo nilipojua kwamba gari-nyumba si kitu kimoja. Chasisi na injini vina mtengenezaji wake. Mengi hapa Ulaya yamekaa juu ya Fiat Ducato. Nyumba iliyo juu imejengwa na kampuni nyingine. Friji ni ya wengine, hita ya wengine, pampu ya maji nayo ina wenyewe. Kila mmoja ana waranti yake, tarehe zake na masharti yake. Wanaonunua hawasomi. Wanatabasamu, wanapiga picha, wanaondoka. Mimi nilisoma kwa majuma mawili, usiku, baada ya kazi, kamusi pembeni, kwa sababu mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga, na najua mtu anavyoweza kuibiwa mchana huku anaangalia.

Wajerumani wana maneno mawili, na kuyachanganya ni hasara. Moja ni Garantie: ahadi ya hiari ya mtengenezaji, naye ndiye anayeiwekea masharti. La pili ni Gewährleistung: wajibu wa kisheria wa muuzaji, yule uliyesaini naye mkataba, kwa miaka 2 kwa kitu kipya, apende asipende. Kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 12 ya mwanzo, inachukuliwa kwamba ilikuwepo tangu siku ya kununua. Muuzaji akibisha, athibitishe yeye. Zamani ilikuwa miezi 6, ikaongezwa kwa mikataba ya kuanzia tarehe 1 Januari 2022. Miezi 12 ikipita, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwako. Ndiyo maana mwaka wa kwanza washa kila kitu, kila baada ya muda, hata kama hamsafiri.

Machi 2023 niliwasha friji kwa gesi ikakataa. Nikampigia muuzaji. Akanijibu kwa adabu kubwa: "Hilo la friji, mama, wapigie watengenezaji wa friji." Nikawapigia. Wakanipa namba ya fundi wao wa kanda. Fundi akasema baada ya wiki tatu. Zikapita, akasogeza mbele. Ndugu zangu, nilijihisi niko mtaa wa Gerezani, Dar, natafuta spea: nenda duka lile, rudi hapa, muulize yule kijana. Msidhani huku ni peponi. Muuzaji wa huku naye anakurusha, tofauti ni kwamba anakurusha kwa tabasamu na barua pepe.

Kilichoniokoa ni mwenzangu wa kazini, mama mtu mzima wa hapa hapa Dortmund. Akaniambia: "Wewe ulinunua friji, au ulinunua gari lenye friji? Na ulinunua kwa nani?" Nikaandika barua ukurasa mmoja. Kasoro ni hii, picha hizi, mkataba wetu ni wa tarehe hii, nakupa siku 14 utengeneze. Siku ya nne wakanipigia wao. Sheria inampa muuzaji nafasi ya kurekebisha kwanza. Akijaribu mara ya pili akashindwa, kwa kawaida unaweza kudai bei ipunguzwe, au kasoro ikiwa kubwa umrudishie gari naye akurudishie hela, akikata thamani ya kilomita ulizotumia. Hatukufika huko. Friji iligandisha barafu kabla ya Pasaka.

Kuvuja ni habari nyingine, na ndiko watu wanakolia. Nyumba ya gari imeunganishwa kwa viungo vingi, na maji yakipata njia yanakaa ndani ya ukuta kimya mpaka mbao ioze. Watengenezaji wengi hutoa waranti ndefu ya kutovuja. Yetu ni miaka 7. Sharti lake ni kwamba kila mwaka upeleke gari likapimwe unyevu, upigiwe muhuri kitabuni, na gharama ya kupima ni yako. Ukiruka mwaka mmoja, imekwenda. Jirani yetu aliruka mwaka aliolazwa hospitali. Ukuta wake ulipovimba, kitabu kilikuwa na nafasi tupu, na nafasi ile ilimgharimu maelfu ya euro. Mzee mwema, anayepangusa gari lake kila Jumamosi. Nafasi tupu haikuuliza alikuwa wapi.

Sisi tulikuwa na muhuri wa 2023 na wa 2024. Pasaka ya 2025 tulikuwa pwani ya Baltiki, mvua usiku kucha. Niliamka ncha ya mto imelowa. Nikapapasa pembe ya ukuta juu ya kichwa: laini, imeumuka, ukibonyeza kidole kinaacha alama kama kwenye unga wa chapati. Mume wangu akatoka kwenye mvua kutafuta tyubu ya silikoni. Mtu wa Muheza yule, mikono yake haijui kukaa. Dakika kumi angekuwa ameziba.

"Usiguse," nikamwambia.

Akaniangalia kama nimerukwa na akili. Nyumba inavuja, mwanamume yuko na silikoni mkononi, mke anasema usiguse. Lakini nilikuwa nimesoma: ukishaziba mwenyewe, mtengenezaji anaweza kusema wewe ndiye uliyeharibu kiungo. Tukapiga picha, tukatega sufuria, tukalala upande wa pili. Huko gereji fundi alipita na kipimo chenye sindano mbili, anachoma ukuta, anasoma namba, anaiandika kwenye mchoro wa gari. Akafungua kitabu, akahesabu mihuri, akaguna. Ile miaka 2 ya muuzaji ilikuwa imekwisha Oktoba 2024. Kilichobaki kutubeba ni mihuri miwili ya wino.

Sasa nije kwenu. Mtasema: "Umesahau ulikotoka." Sijasahau. Tena nasema wazi: fundi wetu wa Barabara ya 12 angeimaliza kazi ile kwa siku mbili, si wiki tisa, na angekuwa anapiga stori na watoto. Anajua mota imekufa kwa kuisikiliza tu. Huku nimeona watu wenye vyeti ukutani wanaongoja kompyuta iwaambie. Waranti ya fundi wetu ni neno moja, "ikizingua nipigie", na ukimpigia anakuja. Ninajivunia watu wa namna hiyo na sitaacha.

Lakini kwa nini fundi yule alipe kosa la muuzaji? Maana ndicho kinachotokea. Muuzaji anauza kibovu, mnunuzi anamlipa fundi, na mwenye duka anaendelea kunywa kahawa. Mtaniambia: "Mfanyabiashara wa Kariakoo naye analeta mzigo toka Guangzhou, nani anampa yeye waranti?" Hoja nzito hiyo, siibezi. Ila hata huku muuzaji hakutengeneza gari. Sheria inamtaka anijibu mimi kwanza, kisha amgeukie aliyemuuzia yeye. Yeye anamjua, ana namba yake, ananunua kwake kila mwezi. Mimi simjui. Na msiseme kwetu hakuna sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kitu ukinunua kwa mtu anayefanya biashara hiyo kiwe na ubora unaostahili. Sheria ya Ushindani ya 2003 imetupa na Tume ya Ushindani. Ni sisi tunaoambiwa "umeme wenu ndio mbovu" tukarudi nyumbani na boksi kichwani.

Juzi kaka alinipigia kwa video kutoka Tanga. Friji mpya ya mama, ya miezi minne, imeacha kugandisha. Fundi alikuwa ameshachuchumaa nyuma yake na bisibisi. Nikapiga kelele: asifungue! Kaka apige picha ya namba, atafute ile karatasi ya waranti, tuandike barua, tuwape siku 14. Karatasi ipo, chini ya godoro pamoja na kadi za kliniki.

Mama akachukua simu. Nyuma yake naona beseni la changu na tasi, samaki wake wa biashara, maji yameanza kuchuruzika sakafuni.

"Mwanangu," akasema, "hiyo barua yako itagandisha samaki?"

Nikamwambia fundi apige picha kwanza, kila upande, na ile stika isichanike. Akapiga, akanionyesha moja moja. Kisha akafungua.