Wakunga wa visiwani wasitupwe, wasomeshwe

Mwandishi umesema wakunga wa jadi huku Lamu waache kabisa kuzalisha na kina mama wote waende hospitali, mimi nakubali nusu. Bibi yangu mzaa mama alikua mkunga Faza, kisiwani Pate, kazalisha watoto hata hesabu hajui, lakini mwenyewe alikua akisema damu ikitoka nyingi baada ya mtoto kuzaliwa mikono haitoshi, hapo yataka sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi damu isimame, na hiyo lazima ikae kwa friji, sasa zahanati ambayo stima yapotea siku mbili utafanya nini? Uzazi hospitali za serikali ulifanywa bure Juni 2013 sawa, lakini boti ya kutoka Pate usiku je, na maji yakitoka pale Mkanda, mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, boti kubwa haipiti mwasubiri na mama yuwalia.

Kwahivo kwangu mimi dawa ni wasichana wetu wenyewe wasomee. Ukiwa na C ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na baiolojia yako nzuri waweza kuomba diploma ya uuguzi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, ukunga umo ndani yake, miaka 3 hivi halafu wafanya mtihani wa baraza la wauguzi upate leseni. Kaunti ilipe karo wale wa Kiunga, Siyu, Ndau, warudi kwao wafanye kazi. Na hao bibi zetu wawe nao pale wodini wamshike mama mgongo, wamsomee dua, wao ndio wanaoaminiwa jamani.